Gigabaiti Mia Mbili na Kumi

Saa tatu asubuhi ya Ijumaa, Editha, mjiolojia wa kituo cha utafiti, alirudia hesabu yake kwa mara ya tatu na jibu halikubadilika. Zilikuwa zimebaki gigabaiti mia mbili na kumi. Kasi ilikuwa megabaiti mbili kasoro kidogo kwa sekunde. Kwa mwendo huo picha zingemaliza kuingia kesho saa kumi jioni, na kompyuta iliyokuwa nazo huko ng'ambo ingezimwa leo saa kumi na moja.

Zilikuwa picha za milima ya Uluguru, zilizopigwa kutoka kwenye ndege mwaka 1964. Taasisi iliyozihifadhi ilikuwa inahama jengo, na mitambo yake ingekaa miezi mitatu bila kuwashwa. Ilizigawa kwa torenti: faili hukatwa vipande vidogo, na kila aliyepata kipande humpa mwenzake. Vituo vingine vya utafiti vilikuwa na vipande vichache. Mwenye zote alikuwa mmoja.

Kwenye benchi karibu na mlango alikaa mzee Severini, mwenyekiti wa kitongoji cha Lubungwe. Alikuwa ameshuka mlimani na gari la kwanza, akaleta kikapu cha njegere, akakikabidhi jikoni na kukaa. Juu ya nyumba za Lubungwe mlima ulikuwa na ufa. Kama ufa ule ulikuwa mpya, kaya arobaini na moja zingehamishwa kabla ya masika. Kama ulikuwepo tangu zamani na haujasogea, watu wangebaki. Kamati ya wilaya ingekaa Jumatatu, na bila picha za zamani Editha asingekuwa na cha kuandika zaidi ya kukisia. Kamati ikiona makisio, huhamisha watu.

"Mtaalamu," alisema Severini, "hiyo mashine imeshiba au bado inakula?"

"Inakula kama mgonjwa, baba."

"Basi mpe uji."

Kasimiri, fundi wa mitandao, hakucheka. Nyumba waliyopanga hapa Mafiga iwe ofisi ya kituo ilikuwa imeungwa na faiba ya megabiti mia tano, na yeye ndiye aliyeiombea bajeti. "Dada, faiba haina kosa," alisema. "Nimepima bila VPN, inapita karibu yote. Tukipitisha kwenye VPN, ile njia yetu ya faragha, ndipo inakufa."

"Na bila VPN haturuhusiwi."

"Haturuhusiwi." Vituo vyote vilikuwa vimekubaliana kwamba kompyuta ya mtu isionyeshe anwani yake wazi kwenye mtandao, na VPN ya kituo ilikuwa imesajiliwa kwa mamlaka ya mawasiliano, karatasi yake ikiwa imebandikwa ukutani. "Wiki iliyopita ilikuwa inakimbia. Imeanza ugonjwa Jumatatu."

Editha alifungua daftari. "Tubadilishe kitu kimoja kimoja, tupime kila kimoja. Seva uliyochagua iko wapi?"

"Nairobi. Ndiyo ya karibu."

"Ujumbe unatumia muda gani kwenda na kurudi?"

Kasimiri alitazama. "Milisekunde mia moja na sabini."

"Huo si mwendo wa Nairobi. Hiyo seva ina jina la Nairobi, lakini imekaa Ulaya."

Kasimiri alikuna kichwa. Walijaribu ya Johannesburg: milisekunde sitini. Kasi ikapanda hadi megabaiti tatu. Editha akaandika. Kisha wakaacha itifaki ya zamani ya VPN, ile nzito, wakaweka WireGuard, ambayo ni nyepesi kwa mashine. Kasi ikaruka hadi kumi na moja. Severini alisogea mbele kwenye benchi. Baada ya dakika tisa ikashuka hadi nane, ikaenda tano, ikatulia kwenye tatu.

"Imechoka," alisema Severini.

Editha alikuwa na tabia ya kutopenda neno la namna hiyo likitumiwa kwa mashine. Safari hii alilisikia akasita. Kitu kinachoanza vizuri na kushuka polepole hakina tatizo la njia. Kina tatizo la mwili.

"Ruta, kile kifaa cha kugawa mtandao, iko wapi?" aliuliza.

"Kwenye kabati la sebuleni. Na ndiyo inayofunga na kufungua kila kinachopita kwenye VPN."

Kabati lilikuwa na rafu tatu. Ya katikati ilikuwa na ruta, na juu ya ruta palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua ya njano pembeni, kimekunjwa mara mbili, kimening'inia pande zote nne. Juu yake palikuwa na chombo cha waridi za plastiki. Editha aliingiza mkono chini ya kitambaa, akautoa haraka.

"Mama Felista," aliita.

Mama Felista, mhudumu wa ofisi, alitokea jikoni na njegere mkononi.

"Shikamoo tena, mama. Hiki kitambaa kimewekwa lini?"

"Marahaba. Jumatatu. Mashine ya bei kubwa, inakaa uchi, vumbi tupu. Redio ya nyumbani kwangu ina cha kwake, televisheni ina cha kwake. Nikasema na hii nayo ni ya watu."

"Kizuri sana. Naomba nikiondoe kidogo."

"Kina kosa gani?"

"Hii inapumua kwa juu, mama. Ikipata joto inapunguza kazi ili isiungue."

Alikitoa, akakikunja vizuri na kumpa. Kasimiri alileta feni ya mezani. Baada ya robo saa kasi ilisimama kwenye megabaiti ishirini na tano, na haikushuka. Kasimiri alitaka kumpa mkono. Editha alimwomba mama Felista kitambaa tena.

"Unafanya nini?" aliuliza Severini.

"Nakirudisha kwa dakika kumi."

"Mgonjwa amepona, wewe unamrudishia homa?"

"Nimebadilisha vitu vitatu leo, baba, na feni ni cha nne. Nataka kujua kama ni joto kweli." Alitazama saa. "Muda upo. Nimeuhesabu."

Walikaa wanne mbele ya kabati, feni imezimwa. Dakika ya nane, kasi ikaanza kushuka.

"Jamani," alisema mama Felista, akakivuta kitambaa mwenyewe.

Picha ya mwisho iliingia saa saba na nusu. Editha alitafuta namba ya picha, akaifungua, akaikuza mpaka kitongoji cha Lubungwe kikaonekana, nyumba sita za nyasi na njia ya mguu. Juu yake palikuwa na mstari mweusi uliopinda kama mundu. Alipima mara mbili, akaweka juu yake vipimo alivyochukua mwenyewe mwezi uliopita.

"Mwaka sitini na nne ufa ulikuwa na urefu wa mita mia moja arobaini," alisema. "Sasa ni mia moja arobaini na mbili. Kosa la kipimo ni mita tatu. Ni ufa ule ule, na haujasogea."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtachimba mifereji ya kuepusha maji, na tutaweka vigingi vya kuuangalia kila mwezi. Hamhami. Ndivyo nitakavyoandika."

Severini alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Editha aligundua kwamba mabega yake mwenyewe, yaliyokaza tangu Jumatatu, yalikuwa yameshuka. Hilo hakuliandika.

Mzee alitoa simu, akampigia mkewe nyumbani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia chumvi.

"Paskalia. Umeshaezua mabati mangapi?" Alisikiliza. "Saba. Haya, teremka. Mwambie mwanao Innocent apande ayarudishe yote leo leo, na misumari ile ile. Hatuendi popote."