Asubuhi Niliyokataa Kusema Nagaa

Mvumilivu hula mbovu. Shangazi Kabale akinisikia nikiigeuza methali hivyo hufyonya, lakini si yeye aliyekuwa nyuma ya pikap ilipopinduka kwenye laga, lile korongo la mto mkavu, tukitoka Gotu na maziwa ya ngamia. Maji ya mvua yalikuwa yamekula ukingo wa barabara, dereva hakuona, na mitungi iliyojaa ikanilalia mgongoni.

Hospitali walinipiga picha, nikafungwa mkanda, nikalala. Baadaye walipiga picha nyingine wakasema mifupa imeunga vizuri. Mtaa mzima wa Chechelesi, hapa Isiolo, ukajua kwamba mimi, Ikra, nimepona. Aliyekuwa hajapata habari ni mgongo wangu.

Asubuhi ulikaa kimya. Ikifika adhuhuri, maumivu yalishuka mguu wa kushoto kama maji ya moto yakimwagika polepole. Kufunga kamba za viatu ilikuwa kazi ya kupangia siku. Nilianza kuswali nimekaa kwenye kiti, safu moja na bibi wa jirani ambaye hana jino hata moja, na bibi huyo akanipisha kwa heshima kana kwamba mimi ndiye mkubwa.

Kwetu Waborana salamu ni nagaa, yaani amani, na jibu lake ni nagaa. Ng'ombe wamekufa? Nagaa. Nyumba imeungua? Nagaa kwanza, habari ya moto itafuata chai ikishamiminwa. Naipenda desturi hii na sitaki mtu anifundishe uzuri wake. Ila mimi nilikuwa naishia kwenye nagaa. Habari ya moto nilimeza na chai.

Akina mama wa kikundi chetu cha maziwa walikuja kunijulia hali na sukari mkononi. Nagaa? Nagaa, alhamdulillahi. Walifurahi, wakanywa chai, wakanirudisha kwenye zamu ya kushusha mitungi. Kikundi kina sheria moja tu ambayo haijadiliwi: asiyeshusha hachoti. Na nisipochota maziwa sina cha kuuza sokoni, sina nafasi yangu pale, nabaki msichana wa diploma ya maziwa anayelala kwa shangazi yake. Kwa hiyo nilishusha. Nikirudi nyumbani nililala chini, miguu juu ya ukuta, nikiuma ncha ya shuka ili shangazi asisikie.

Kliniki niliyopelekwa kufanya mazoezi ya viungo ilikuwa na Lopeyok, mtaalamu wa mazoezi hayo, Mturkana mrefu anayeongea chini chini kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala.

"Habari ya mgongo?" aliniuliza.

"Nzuri."

"Kama ni nzuri umekuja kufanya nini? Kuniuzia maziwa?"

Nilicheka, na kicheko kikanichoma kiunoni, nikashika ukingo wa kitanda. Alisubiri nipumue.

"Mara zote unanijibu kama umekutana nami njiani," akasema. "Mimi siandiki salamu. Naandika maumivu. Yako wapi?"

Nikamwambia. Ilichukua muda, kwa sababu yalikuwa mengi na hayakuwa yamezoea kutajwa. Alipomaliza kunisikiliza aliuliza kama nyumbani kwetu tumewahi kufuga mbwa wa boma.

"Fisi akiingia usiku, mbwa anabweka," akasema. "Fisi akishaondoka, kuna mbwa anaendelea kubweka hata majani yakitikisika. Hajarogwa, wala hadanganyi. Ameshtuka tu. Jeraha lako ndilo fisi, limeenda. Mbwa ndiye uliyebaki naye."

"Nimpige?"

"Ukimpiga anazidi. Ukijifungia ndani kwa ajili yake, boma lote linakuwa lake. Mtembeze kidogo kila siku. Pumzika kabla hajaanza kelele, usisubiri akuamuru. Na mtungi uliojaa, usiinue kwa sasa."

"Atanyamaza lini?"

"Sijui. Pengine atabweka siku moja moja mpaka uzeeni. Nimeona watu wakiishi vizuri na mbwa wa hivyo, wakifanya kazi na kulala usingizi. Lakini wa nyumbani kwao wanajua yupo."

"Nikiwaambia watanitoa kwenye kikundi."

"Usipowaambia utajitoa mwenyewe, kwa machela."

Nilianza na matembezi. Kutoka mlangoni hadi kwa fundi wa baiskeli, nikakaa kwenye jiwe lake kabla maumivu hayajaniita, nikarudi. Fundi alinizoea. Baada ya muda nilifika hadi kwenye duka la unga, kisha nikapita. Usiku nikaanza kulala vipande virefu zaidi. Mguu bado ulikuwa na siku zake mbaya, lakini sasa nilizijua kwa sura.

Kisha zamu yangu ya kushusha ikafika tena.

Pikap ya kutoka Gotu iliingia jua likiwa bado laini. Akko Safiyo, mwenyekiti wetu, ambaye sote tunamwita Akko, yaani bibi, ingawa si bibi yetu wa damu, alisimama kwenye mlango wa nyuma wa gari na fimbo yake, tayari kuonja kila mtungi kama maziwa hayajachacha. Yeye husalimu kila mtu kwa jina, ajibiwe, ndipo mitungi iguswe. "Deqa, nagaa?" "Nagaa, Akko." Akasalimu hivyo mmoja mmoja mpaka akanifikia.

"Ikra, nagaa?"

Mtungi wangu ulikuwa tayari umesogezwa ukingoni. Niliutazama.

"Hapana, Akko. Mgongo unaniuma. Umeniuma tangu ajali. Siwezi kushusha huu."

Hata dereva alizima redio.

"Salamu haijibiwi hivyo," alisema Akko Safiyo. "Unasema nagaa, halafu unasema shida yako."

"Nikisema nagaa, mtungi unafika kabla ya shida."

"Mtoto huyu hana shukrani kwa Mungu," mtu akanong'ona.

"Alhamdulillahi ninatembea," nikasema. "Na mgongo unauma. Yote mawili ni kweli."

Hapo Deqa, Msomali mwenye maneno, akajishika bega. "Jamani, kama leo milango imefunguliwa, na mimi hili bega halijaona amani tangu mwaka jana."

Mmoja akacheka, mwingine akafuata. Akko Safiyo hakucheka. Alinyoosha fimbo kuelekea barabarani. "Nenda nyumbani, Ikra. Asiyeshusha hachoti."

Nikaenda mikono mitupu, na nilikaa kwenye jiwe la fundi wa baiskeli muda mrefu kuliko mgongo ulivyohitaji.

Shangazi Kabale habari ilimfikia kabla yangu. Alikuwa ameshafunga sukari na majani ya chai kwenye leso. "Baada ya alasiri unaenda kwa Safiyo. Unaweka hii, unainamisha kichwa, unaomba radhi. Yule alikuwa akishusha maziwa kabla mama yako hajaolewa."

"Nitaenda. Sukari nitabeba."

"Na radhi?"

"Radhi ni nzito, shangazi. Lopeyok amenikataza kubeba vitu vizito."

Alinitishia kwa mwiko, lakini niliona mdomo wake ukipinda.

Nilimkuta Akko Safiyo uani, amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji moto na chumvi. Magoti yake yalikuwa yamevimba kama maboga madogo. Aliona ninayatazama, akashusha gauni, kisha akabadili nia akalipandisha tena.

"Salaam aleikum, Akko."

"Aleikum salaam. Keti. Juu ya kiti, si chini, mimi si mkatili." Alikanda goti. "Umeniharibia watu. Ulipoondoka, Deqa hakugusa mtungi. Mwingine akasema kiuno, mwingine kifundo cha mkono. Nimeshinda hapa leo nikisikiliza mifupa ya Isiolo nzima."

"Na yako?"

"Yangu haijaulizwa."

"Nauliza, Akko."

Alisogeza miguu. Maji yalicheza kwenye beseni. "Magoti yanauma," akasema. "Hasa nikisimama kwenye lile gari kuonja kila mtungi."

"Basi acha nionje mimi. Nimesomea maziwa. Nitakaa, nitanyanyuka, nitatembea kidogo, nitakaa tena. Wewe usimamie ukiwa kigodani. Na wafugaji wa Gotu tuwaombe walete kwa mitungi midogo. Kuonja pia ni kazi, kuhesabiwe kama kushusha."

Akko Safiyo alifuta goti kwa upindo wa gauni. "Kesho uje mapema. Mitungi midogo nitaisemea mwenyewe, wewe utawatukana." Akaichukua leso ya sukari. "Lakini kwanza, mbele ya wote, utaniomba radhi kwa kuivunja nagaa."

Niliinuka taratibu, kama nilivyofundishwa, mkono mmoja gotini. Mguu wa kushoto ukabweka. Niliusikia, nikauacha.

"Kesho nitakuja mapema, Akko, na kiti changu," nikasema. "Radhi sitaomba."