Jenereta Mwisho wa Waya

Watu wa Dundori wamenishtaki kwa wazee wa kanisa ati nilimwita baba mkwe wangu muuaji. Ni kweli, nilimwita. Nilimwita mara mbili, na mara ya pili nilipaza sauti ndio hata wa ng'ambo ya bonde wasikie. Lakini si mtu aulizwe kwanza ni kwa nini, kabla ya kuitiwa kikao kama mwizi wa kuku?

Mume wangu Mathenge aliendesha malori miaka thelathini, Mombasa hadi Malaba, akilala kwenye kebini pale Salgaa. Alipostaafu nikasema, haya Kui, sasa umepata mume. Wapi! Wiki ya tatu akaniambia hawezi kupata usingizi kwa nyumba isiyo na usukani. Akanunua basi kuukuu la shule, akang'oa viti, akaweka kitanda, sinki, meko ya gesi, na pazia nilizoshona kwa mikono yangu. Tangu hapo tunazunguka kama watu waliofukuzwa kwao. Leo tuko Elmenteita, kesho Kariandusi, wiki ijayo kwa binti yetu Molo.

Stima ya hiyo nyumba ni jenereta ndogo ya petroli, ile ya kubeba kwa mkono mmoja. Hatuiwashi ovyo. Mathenge ana pumu, na kila alasiri anahitaji nusu saa ya mashine ya kuvuta dawa. Hapo ndipo tunawasha, tunachaji na simu humo humo, tunazima. Lakini mahali pa kuiweka ndipo pamekuwa vita. Mimi nilinunua waya wa mita kumi na tano. Jenereta inaenda mwisho wa waya, upande upepo unakoelekea, na bomba la moshi linaangalia mbali na basi. Mvua ikinyesha inawekewa kibati juu ya miguu minne, pembeni wazi, na inabaki huko huko nje.

Watu wamenicheka, jamani. Pale Salgaa madereva walikuwa wanakuja na vikombe vyao vya chai kutazama. Mmoja akaniuliza, "Mama, kwani hiyo jenereta imekukosea nini, mbona umeifukuza hivyo?" Mwingine akamwambia Mathenge, "Boss, utaibiwa ubaki umeshika waya." Na Mathenge, badala ya kusimama na mkewe, akacheka nao! Mimi nilikuwa na jibu moja kwa wote: ina kelele, na mimi sipendi kelele. Nilisema hivyo Salgaa, nikasema hivyo Kariandusi, na mwezi wa saba tulipoegesha uani kwa baba mkwe wangu, Mzee Maina, nikamwambia vivyo hivyo.

Dundori mwezi wa saba mnaijua. Ukungu unakaa mpaka saa sita, na baridi inaingia hadi kwa mifupa. Tulipata stima za mzee zimepotea siku tatu, transfoma imelipuka, na hakuna aliyekuja hata kuitazama. Alasiri nikaiweka jenereta nyuma ya zizi la ng'ombe, mwisho wa waya kama kawaida. Mzee akaja na fimbo yake.

"Kui, mbona umeipeleka mbali hivyo?"

"Ni kelele, Baba."

"Na hata hapo si inasikika?"

"Inasikika, Baba, lakini afadhali."

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Mathenge siku hiyo kifua kilikuwa kimembana sana. Nikamlaza kitandani, nikamvalisha barakoa ya ile mashine, nikafunga mlango wa basi kwa sababu ya baridi. Kisha nikachukua ndoo na jembe nikashuka shambani kuchimba waru, viazi vya chakula cha jioni. Manyunyu yakaanza nikiwa huko.

Nikipanda kurudi nilisikia jenereta inanguruma chini chini, sauti ya mtu anayeongea akiwa amejifunika shuka. Nikadhani petroli inaisha. Kufika uani, nikaona waya wangu umekunjwa vizuri na kutundikwa kwa nguzo, umebakizwa kipande kifupi tu. Basi lenyewe lilikuwa limezungushiwa blanketi na magunia kuanzia chini ya madirisha hadi ardhini, na mawe juu ya pindo zisipeperuke. Nikainama, nikafunua. Jenereta ilikuwa chini ya basi, ikinguruma, karibu kabisa na tundu ambapo bomba la sinki linapita sakafuni.

Haki ya Mungu, sijui ndoo niliitupa wapi. Nikaizima, nikafungua mlango. Mathenge alikuwa amelala na barakoa usoni, mkono unaning'inia, na hakuitika. Nilimwita kwa jina lake la ubatizo, ambalo silitumii tangu harusi. Nikamshika kwapani nikamburuta hadi kwa manyunyu, mimi mwanamke wa miaka hamsini na sita mwenye goti bovu, yeye na kilo zake tisini. Akatapika. Akasema, "Kui, kichwa." Sijawahi kufurahia mtu kutapika hivyo.

Hapo ndipo Mzee Maina akatoka zizini na ndoo ya maziwa, na tabasamu, kama mtu anayengoja ashukuriwe. Akaniuliza, "Sasa si imenyamaza kidogo?"

Nikamwita muuaji, mara mbili. Nikamwambia amemuua mtoto wake mwenyewe kwa blanketi. Mtu aliyelea watoto saba na ng'ombe wasiohesabika hajui moshi wa injini? Maziwa yakamwagika, mbwa wakabweka, majirani wakapanga mstari kwa ua. Kipkemei, jirani wa upande wa chini, akashusha magunia ya viazi kwa pikapu yake, tukampakia Mathenge, tukashuka naye Nakuru madirisha yote yakiwa wazi. Akawekwa kwenye oksijeni hadi kesho yake. Daktari akaniambia robo saa zaidi tungekuwa tunaongea mambo mengine.

Basi ningedhani watu watauliza, Mathenge anaendeleaje? Wapi! Swali lilikuwa moja tu, mke wa mtu anampigiaje baba mkwe kelele. Jumapili baada ya ibada wazee watano wakaja kwa Mzee Maina kusikiza kesi. Tukakaa sebuleni, mlango umefungwa kwa baridi, madirisha yamefungwa, jiko la makaa limewekwa katikati na kila mtu amelinyooshea mikono. Mathenge alikuwa kwa kona, amejifunga shuka, bado amepauka. Wajukuu wawili wa mzee walikuwa sakafuni karibu na jiko wakifanya homuweki. Chai ikamiminwa. Mwenyekiti akasema nimevunja heshima ya boma, na kwamba neno likitoka halirudi. Mimi nilikuwa nimekaa nimekunja mikono, nimebeba samahani ya mdomoni tu, na moyoni nawatukana mmoja mmoja.

Halafu Mzee Maina akaomba kusema.

"Mimi sina kesi na Kui," akasema. "Ninataka kuelewa tu. Aliniambia shida ni kelele. Mimi nikapita hapo, nikaona mwanangu anahema hapati usingizi, na mvua inaanguka kwa mali ya wageni. Nikasema wacha niilete karibu niifunike ndio alale. Zile blanketi zilikuwa za kitanda changu. Sasa, mama, mimi nilikosea wapi?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Hilo ndilo lililonimaliza. Kama angefoka, ningefoka, tukamaliza siku. Alikuwa amefanya vile nilivyomwambia. Nilitaka kukasirikia mtu humo ndani, nikawaangalia wote, nikakosa wa kukasirikia ila mimi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi kilio kilikuwa kimenikosa kwa robo saa.

"Si kelele, Baba," nikasema. "Haijawahi kuwa kelele."

Nikawaambia kuhusu Thuo. Mathenge mwenyewe alikuwa anajua nusu tu. Thuo alikuwa ndugu yangu mdogo, wa mwisho kwetu. Miaka ishirini na miwili iliyopita alikuja kwangu Nakuru akiwa na homa, nikiwa napanga chumba kimoja. Ilikuwa mwezi wa saba kama huu. Asubuhi nilipokuwa natoka kwenda sokoni alikuwa anatetemeka, basi nikawasha jiko, nikaliweka kando ya kitanda chake, nikafunga mlango, nikaziba na nguo ile nafasi ya chini ndio baridi isimwingilie. Nikarudi saa nane, hewa ya makaa imeshamuua. Kwa mazishi watu walisema alikuwa amelewa, akajiwashia jiko mwenyewe, akalala. Mama yangu alizikwa akiamini mwanawe alikuwa mlevi. Nilisikia wakisema, na nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo, nikivuta waya wa mita kumi na tano kila mahali na kuwaambia watu sipendi kelele.

"Nilikuita muuaji, Baba," nikasema. "Hilo jina ni langu. Nisamehe."

Mwenyekiti alikuwa na mkate mkononi, akausahau. Mathenge akainuka kwa ile kona, akaja akakaa karibu nami, shuka na yote, akanishika mkono mbele ya wazee, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Mzee Maina aliangalia jiko. Akaangalia wajukuu wake wawili, mmoja ameweka kichwa juu ya daftari, macho mazito. Akavua koti lake, akalifunga mikononi, akainua jiko na makaa yake mekundu, akafungua mlango kwa mguu, akatoka nalo hadi uani kwa manyunyu. Tulisikia makaa yakilia maji yakiyagusa. Aliporudi akafungua madirisha, moja moja, yote manne.

Baridi ya Dundori ikaingia yote. Wazee wa kanisa wakabaki wameshika vikombe kwa mikono miwili, wanatetemeka, na hakuna aliyesema mlango ufungwe.