Eru Peke Yake

Jumatatu ya wiki ya kufunua jiwe la kaburi la mumewe, Mereana alipalilia bustani ya viazi vitamu isiyokuwa na hata jani moja la magugu. Alipomaliza akaosha madirisha. Baada ya madirisha akaingia stoo kupanga chupa za jamu. Kazi yenyewe hasa ilikuwa moja tu, naye alikuwa akiikwepa tangu asubuhi: kuwasha kompyuta ya Eru.

Kompyuta ilikaa kwenye kona ya sebule, imefunikwa taulo tangu siku ya mazishi, na kwa mwaka mzima hakuna aliyeigusa. Ndani yake zilikuwamo picha zote za maisha yao: harusi za jamaa, mikunga waliovuliwa mtoni, mechi za raga, na maboga ya Eru. Maboga yalikuwa mengi kuliko harusi.

Aliyelivuta taulo lile alikuwa wifi yake Paea, dada mkubwa wa Eru, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kubisha hodi kwenye mlango wa mtu.

"Wifi, Jumamosi hiyo imefika. Picha ya mdogo wangu iko wapi?"

"Naitafuta."

"Unaitafuta kwenye jamu?"

Siku ya kufunua jiwe, picha ya marehemu huingizwa katika nyumba ya ukoo na kutundikwa ukutani pamoja na wazazi na mababu. Hapo ndipo anapokaa. Watoto ambao hawajazaliwa watamjua kwa picha hiyo. Sharti lake ni moja na halina mjadala: ndani ya picha asiwemo mtu aliye hai. Kumtundika aliye hai kati ya waliokufa ni kama kumpelekea mwaliko.

Sasa, Eru hakupenda kupigwa picha peke yake. Alikuwa akisema kwamba mtu aliyesimama peke yake kwenye picha anafanana na anayetafutwa na polisi. Kamera ikiinuliwa tu, alimkamata aliye karibu na kumwegemea. Na aliye karibu, tangu utotoni, alikuwa binamu yake Tūroa. Wakati wa mazishi, kwa haraka, walichukua picha ya wawili hao wakaikunja ili Tūroa aende nyuma ya fremu. Sikio lake la kulia likabaki mbele.

"Sikio langu lilikaa kando ya jeneza siku tatu," Tūroa alimsimulia kila aliyetaka kusikia na asiyetaka. "Mpaka leo linavuma."

"Safari hii hatutaki sikio," Paea alisema. "Wala kidole. Ukishindwa, mimi ninayo yangu." Akafungua mkoba, akatoa picha ndogo iliyochakaa pembeni.

Mereana aliijua. Ilimwonyesha kijana wa miaka kumi na tisa, kifua wazi, nywele hadi mabegani, ameegemea pikipiki. Alikuwa Eru, bila shaka, lakini Eru wa kabla hajakutana naye. Mereana hakuwahi kumpikia kijana huyu wala kugombana naye. Kama angetundikwa huyu, basi kila akiingia nyumba ya ukoo kwa miaka yote iliyombakia angekuwa anamwamkia kijana wa watu.

"Anapendeza," alisema kwa unyonge.

"Anapendeza sana," alisema Paea. "Una mpaka Ijumaa."

Mereana akaiwasha kompyuta.

Ilikuja na programu yake ya picha, ile ambayo Eru aliitumia bila kuichagua. Iliziweka picha zote kwa mpangilio wa tarehe, jambo ambalo lingesaidia kama Eru angewahi kuirekebisha saa ya kamera yake. Hakuwahi. Kwa hiyo kwa mujibu wa programu ile, harusi zote, matanga yote, mikunga wote na maboga yote yalitokea siku moja, tarehe mosi Januari.

Tūroa alikuwa amefika na ndoo ya kome. Aliinama kutazama kioo.

"Siku ile tulichoka sana," alisema.

Ikabidi kutafuta programu nyingine. Mereana alimpigia simu Glenys wa maktaba ya mji wa Ōpōtiki, aliyekuwa akiwafundisha wazee kompyuta kila Jumatano, naye akamtajia mbili. Moja ni ya bure, inatambua sura za watu na kuziweka pamoja. Nyingine wanaitumia wapiga picha wenyewe, na inalipiwa kila mwezi.

"Kila mwezi?" Paea aliruka. "Mdogo wangu amekufa mara moja tu. Kwa nini tumlipie kila mwezi?"

Wakaanza na ya bure.

Programu ilizipitia picha zote, ikanguruma, kisha ikaanza kuuliza. Ilitoa sura moja moja na chini yake swali: Huyu ni nani? Sura ya kwanza ilikuwa boga. Mereana aliliruka. Ya pili ilikuwa babu aliyechongwa kwenye kilele cha paa la nyumba ya ukoo, macho yametoka, ulimi nje. Hapo Mereana alisita. Alikuwa amelelewa kutompita babu kana kwamba hamjui. Akaliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, bila kukosea.

Programu ilifurahi. Ikaleta picha nyingine na kuuliza kama huyu naye ni yule yule. Alikuwa Tūroa kwenye mechi ya raga, macho yametoka, ulimi nje.

Tūroa alijinyoosha mgongo. "Mmeona wenyewe. Mimi si mwenzenu, mimi ni babu yenu. Wajukuu zangu, chai iko wapi?"

"Babu hawezi kuwa na kitambi kama hicho," Paea alisema. "Mwambie hapana, wifi. Mwambie upesi kabla hajaamini."

Lakini kicheko chake hakikufika mbali, kwa sababu swali lililofuata liliweka sura mbili bega kwa bega, ya Paea na ya Eru, na kuuliza: Je, ni mtu mmoja?

Paea alivaa miwani. Akaivua, akaipangusa, akaivaa tena.

"Mimi nina masharubu?"

Tūroa aliichukua ndoo yake akatoka nje kwenda kuosha kome ambao walikuwa safi tayari, na huko nje wakamsikia akicheka mpaka anakohoa.

Hata hivyo kazi ilifanyika. Kufikia Jumanne jioni picha zote za Eru zilikuwa zimekusanywa mahali pamoja, na Mereana alizipitia akiwa peke yake, polepole. Eru na Tūroa kwenye mtumbwi. Eru na Tūroa na mzee fulani. Eru na kondoo. Katika zote alikuwa ameinama upande akimwegemea mtu, na katika zote alikuwa akicheka na kumtazama aliyeshika kamera. Ilimchukua muda kukumbuka aliyekuwa akishika kamera. Alikuwa yeye.

Akaenda kuosha kikombe. Alikiosha sana.

Picha aliyoichagua ilikuwa ya bustanini. Eru amevaa jezi ya timu ya kijiji, nyuma yake uzio wa mbao na lundo la maboga, mkono wake shingoni kwa Tūroa, mkono wa Tūroa begani kwake. Programu ya bure iliweza kukata tu. Alipokata mara ya kwanza, sikio likabaki. Alipokata mara ya pili, sikio lilitoka pamoja na shavu la Eru.

Basi Jumatano akaileta ile ya wapiga picha, kwa wiki moja ya majaribio isiyolipiwa. Ilikuwa na vitufe vingi mno, na Mereana alivisogelea kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa jiko kuona kama limepoa. Mwishowe alikipata cha kufuta. Ulikuwa unampaka mtu rangi nyekundu, unabofya, naye anaondoka. Programu yenyewe ndiyo inayobuni kilichokuwa nyuma yake.

Tūroa na Paea walikuwapo. Mereana alimpaka Tūroa rangi kuanzia kichwani hadi magotini.

"Polepole hapo kwenye tumbo," alisema Tūroa.

Akabofya. Tūroa akatoweka. Mahali pake programu ilijaza kile ilichokiona karibu, na Eru akabaki amekumbatia lundo la maboga kwa mapenzi makubwa.

Paea alilitazama lundo kwa makini. "Amebadilika kidogo tu," alisema.

Mereana alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alipogeuka, aliona Tūroa hacheki. Alikuwa amesimama, kofia mkononi, akitazama kwenye kioo mahali alipokuwa.

"Shemeji," alisema, "nirudishe kidogo."

Mereana akabofya kitufe cha kurudisha. Tūroa akarudi, na sikio lake, na mkono wake.

"Haya," alisema Tūroa. "Nilitaka kujua tu kama inawezekana. Endelea. Nitoe." Akavaa kofia yake akaenda kusimama barazani.

Maboga yaliondoka bila shida. Kilichogoma ni kiganja cha Tūroa begani kwa Eru. Kila Mereana alipokifuta, bega liliyeyuka kama siagi. Akakiacha kitufe cha kufuta, akajifunza kingine cha kunakili: unachukua kipande cha jezi pale kilipo kizima, unakibandika panapotakiwa. Alhamisi mchana kutwa alishona namna hiyo, kama anayetia kiraka suruali ya mtoto wa shule. Alipomaliza, kiganja hakikuwapo. Bega lilikuwapo, zuri kabisa. Ila nembo ya timu, iliyokuwa kifuani, sasa ilikuwapo begani pia, na nusu yake nyingine karibu na kwapa.

Likabaki lile la kuegemea. Bila Tūroa, Eru alionekana ameinama kuegemea hewa tupu.

"Watasema alikuwa amelewa," Paea alisema.

"Hakuwa amelewa."

"Mimi na wewe tunajua. Ukuta haujui."

Mereana akaizungusha picha yote mpaka Eru akasimama wima. Sasa uzio ndio uliolala upande, kama umepigwa na kimbunga. Paea alikunja midomo akifikiri, na Mereana aliuona mkoba wenye kijana wa pikipiki ukiwa mapajani pake, vidole vyake juu ya kifungo.

"Uzio aliujenga mwenyewe?" Paea aliuliza.

"Mwenyewe."

"Basi ndivyo ulivyo," alisema, na mkoba akauweka chini. "Chapisha."

Jumamosi kitambaa kilitolewa juu ya jiwe, watu wakalia, wakaimba, wakalia tena. Kisha Paea akaibeba picha kifuani mbele ya wote, nao wakamwingiza Eru ndani, chini ya macho ya wazee wake. Alitundikwa karibu na mama yake. Mereana alisogea hatua mbili kushoto, kisha moja mbele, mpaka akapata mahali ambapo Eru alikuwa akimtazama sawasawa. Akaketi hapo.

Mzee Hēnare, aliyewahi kuwa kocha wa timu, aliisogelea picha akiwa amekunja uso.

"Jezi hii ya nembo tatu tuliivaa mwaka gani?"

"Mwaka tulioshinda," alijibu Tūroa, bila kupepesa.

Mzee aliitikia kwa kichwa, na kabla ya chakula kwisha alikuwa akiwasimulia watu mechi yenyewe, mkwaju kwa mkwaju.

Ilikuwa baada ya kula ambapo Tūroa alimfuata Mereana nje, amechana nywele kwa maji.

"Shemeji, una kamera? Nipige moja. Peke yangu. Sitaki siku hiyo watu wahangaike kunitafutia bega."

Akampiga. Watu wakawaona. Shangazi mmoja akauliza kinachoendelea, akaambiwa, akaenda kutafuta lipstiki. Punde wazee wa ukoo mzima walikuwa wamejipanga kwenye mstari kando ya ukuta, wakisukumana kwa viwiko, kila mmoja akitaka yake angali hai na akisema upande wake upi ni mzuri. Mzee Hēnare alitaka jezi yenye nembo tatu. Mwenyekiti wa kamati ya nyumba ya ukoo, ambaye alitaka kuongezewa nywele, akatangaza palepale kwamba kamati itailipia ile programu ya kila mwezi, na ile ya bure iendelee kupanga sura.

Paea alikuja wa mwisho, akajifanya alikuwa anapita tu.

"Mashine yako inaweza kutoa masharubu?"

"Inaweza."

"Si kwamba ninayo."

"Huna, wifi."

Akampiga, amenyooka kama mlingoti. Kisha Paea akanyoosha mkono kuidai kamera.

"Na wewe je? Nani atakupiga wewe? Simama pale. Tazama hapa. Siyo kule, hapa. Cheka, basi, hatukuziki leo."

Mereana akacheka. Paea akabonyeza, akamrudishia kamera. Mereana alijitazama kwenye kioo kidogo: mwanamke mwenye mvi, upepo umemvuruga nywele, anacheka na mtu. Na kwenye pembe ya juu, kikubwa na chekundu, kidole gumba.

"Kidole chako kimo, wifi."

"Kifute. Si unajua kufuta siku hizi?"

"Najua." Mereana aliendelea kuitazama. "Nisipokifuta, picha hii haiwezi kutundikwa mpaka na wewe ufe."

Paea alilifikiria hilo, akifunga kifungo cha mkoba wake.

"Basi kiache," alisema. "Mimi sina haraka."