Sikukaa kwa Kabula

Mimi nina haraka tangu tumboni. Mama alinizaa njiani akitoka shambani kuchuma pamba, hata nyumbani hakuwahi kufika, na tangu siku hiyo sijajua kungoja. Watu wamenisifia haraka hiyo miaka hamsini, nami nikavimba kichwa. Mwaka huu imenitoa machozi.

Halmashauri ya mji wetu wa Bariadi ilianzisha mpango wa kuwatafuta watu wasioonekana mikutanoni: wenye ulemavu, wenye ualbino, wazee wasiotoka ndani, wenye maradhi yanayofichwa majumbani. Waandikwe, wapelekwe kliniki, na wapewe nafasi kwenye kamati za mitaa, mambo ya mji yasiamuliwe bila wao. Afisa maendeleo ya jamii, kijana wa Kagera anayeitwa Constantine, akatuita watu kumi na wawili kutoka mitaani. Alisema angeweza kuleta vijana wa chuo na vishikwambi vyao, wakamaliza kazi mapema.

"Lakini kwenye kaya zenu kuna namna ya kuingia, na mimi siijui," alituambia. "Ndiyo maana nimewaita ninyi."

Tulimpigia makofi, na mimi nilipiga kuliko wote.

Namna yenyewe kila Msukuma anaijua. Mgeni ukifika mnaulizana habari, na mwenyeji anajibu "mhola duhu", salama tu. Atajibu hivyo hata kama ndani kuna msiba. Kisha anakutolea kigoda, unakaa, unaletewa maji na chochote kilichopo, mnaongea habari za mvua na mifugo. Ukishatulia ndipo anakueleza yaliyomo ndani. Mtu aliyesimama haelezwi shida, maana huyo anapita tu. Haya sikufundishwa kwenye semina, nimekua nayo.

Mimi nilipewa mtaa wa pembezoni, upande wa kwenda Ngulyati, kaya arobaini kwa siku tano. Nikajiapia kumaliza kwa siku mbili, wenzangu wajue Scola ni nani.

Kwa Kabula ilikuwa kaya ya thelathini na nane. Kabula ni mjane, ana majaruba mawili ya mpunga kule bondeni na binti mmoja, Lukresia, aliyeachishwa shule darasa la sita. Kwa nini aliachishwa, hakuna aliyejua. Nilimkuta mama anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya mwamba. Miguu ilikuwa inaniwaka moto. Akaja akapiga goti kidogo kunisalimia, na mimi nikaitikia huku nimeshafungua fomu.

"Mhola, mayu? Habari, mama? Hapa kuna mgonjwa wa muda mrefu? Kuna mlemavu?" Nilimuuliza yote kwa pumzi moja, nimesimama.

"Mhola duhu," alisema Kabula, akaingia ndani haraka.

Nikaandika: hakuna. Alipotoka alikuwa na kigoda mkononi. Akakifuta kwa upindo wa kanga yake, akakiweka kivulini, akamwita Lukresia alete maji. Binti akatoka na kikombe amekishika kwa mikono miwili, anatembea taratibu. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu la moto kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole. Nililiona. Kwetu huku mtu mzima hahitaji kuelezwa, binti mwenye kovu la namna ile ameangukia jikoni, na anayeangukia jikoni mara nyingi ana kifafa. Nililiona vizuri kabisa, nikanywa yale maji nimesimama, nikashukuru, nikamwambia Kabula zimebaki kaya mbili, nitakaa siku nyingine. Aliniuliza kama kweli siwezi kungoja kidogo, anitafutie karanga za kulia michembe. Nikacheka, nikamwambia karanga atanitunzia.

Aliniangalia hadi nikatoka kwenye uzio wa minyaa. Nilidhani ananionea huruma kwa uchovu.

Mwezi wa pili tangu tuanze kuandika, walituita ukumbini. Kusema kweli, mpango ulikuwa umefanya kazi. Viti vya mbele walikaa watu ambao sijawahi kuwaona mjini. Kulikuwa na mkalimani wa lugha ya alama. Yakobo, fundi viatu mwenye ualbino, alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa wao, na alipoomba barabara ya zahanati isawazishwe ili viti vya magurudumu vipite, ukumbi mzima ulisimama. Wagonjwa saba wa kifafa waliopatikana walikuwa wameshaanza dawa. Mama mmoja wa mtaa wa jirani alisimama akasema mwanawe ana wiki sita hajaanguka. Watu walilia kwa furaha. Mimi nikalikumbuka lile kovu, nikapiga makofi.

Kisha nikaitwa mbele. Nilipewa cheti, mtaa wa kwanza kukamilika. Constantine alinipa mkono akaniuliza taratibu, kwa nini mtaa wangu haukuwa na mgonjwa hata mmoja wa kifafa. Nikamjibu kwamba watu wetu wana afya. Midomo yangu hii ndiyo iliyosema.

Sikumaliza hata soda. Simu ikaita, jirani ananiambia Lukresia wa Kabula amefariki. Alikwenda jarubani asubuhi kupandikiza mpunga, mama yake akiwa ukingoni anang'oa miche mingine. Kabula alipogeuka, binti alikuwa amelala kifudifudi. Maji ya jaruba lile hayapiti kifundo cha mguu.

Nilikwenda kuzika, nililia kama wengine, na kama wengine nilisema kazi ya Mungu haina makosa. Baada ya matanga nilikaa siku tisa sitoki ndani. Siku ya kumi nikaenda kwa Kabula, mikono mitupu, sijui hata nitasema nini.

Alikuwa uani. Alipiga goti lilelile, akauliza habari vilevile. Akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakifuta, akakiweka kivulini. Safari hii nilikaa. Aliniletea maji, kisha sahani ya michembe na karanga. Alisema ni zile alizonitunzia. Tukaongea habari za mvua. Nilikula kila kilichowekwa mbele yangu, machozi yanaingia mdomoni na michembe.

Sahani ilipokwisha akakaa chini, akanyoosha miguu.

"Sasa umekaa," alisema. "Nikwambie habari za hapa. Nina mtoto, anaitwa Lukresia. Anaanguka."

Akanieleza yote, polepole, kana kwamba binti yuko ndani anatusikiliza. Jambo hilo lilimwanza akiwa na miaka kumi na mbili. Waganga wawili walimchanja, hakupona. Walimu walimwogopa, na yeye mama akamrudisha nyumbani kwa aibu. Alisikia redioni kwamba halmashauri inaandika watu kama binti yake, kwamba kuna dawa, na siku aliponiona ninaingia na fomu alimshukuru Mungu kwamba ametumwa mtu wa kwetu. Alitaka anikalishe kwanza, apate nguvu za kulisema, maana hakuwahi kulisema kwa mtu yeyote.

Nilipiga magoti. Nilimwambia nililiona lile kovu. Nilimwambia kwamba nilijua, nikapita. Hakunifukuza wala hakunikaribia. Aliitazama ile sahani, akaokota ganda moja la karanga lililoanguka chini.

"Basi ni hayo tu," alisema Kabula. "Siku ile nisingekuchelewesha."