Barafu ya Swali la Kumi na Saba

Jumamosi ile saa saba mchana, Ketaki Gondane alikuwa mwenye furaha kuliko watu wote wa Kota, mji wa India ambako vijana huja kunolewa kwa mitihani ya vyuo vya uhandisi, na kama kulikuwa na aliyemzidi, basi huyo hakai mtaa wao. Alikuwa wa arobaini katika mtihani. Mkondo wa kwanza huchukua wanafunzi arobaini tu, na kwa miezi kumi na moja yeye alikuwa amekwama mkondo wa pili akiwatazama wenzake wakipanda ngazi. Sasa jina lake lilikuwa ubaoni. Jumatatu angepanda ghorofa ya tatu kwa Mwalimu NK, ambaye wanafunzi wake, ukiwasikiliza watu wa mjini, huingia vyuo vikuu vya uhandisi huku wamefumba macho. Kwao mjini Wardha, mama yake alikuwa ameshagawa peremende za maziwa jengo zima, hadi kwa jirani ambaye hawasalimiani.

Alikuwa amejilaza chumbani hosteli, karatasi ya mtihani kifuani, akimkagua mwenzake wa chumba kama mwalimu mkuu. Mwenzake huyo, Sumbul Ansari, alitoka Siwan kule Bihar, na safari hii alikuwa wa sitini na mbili.

"Swali la kumi na saba umekosa?" Ketaki aliinuka. "Sumbul! Barafu inaelea kwenye glasi, barafu inayeyuka, maji yanafanyaje? Yanabaki palepale. C! Hilo si la darasa la tisa hilo?"

"Najua," alisema Sumbul. "Niliona wameandika maji ya chumvi, nikasita. Nikaweka A, yanapanda."

"Ukasita! Mtu anasita mbele ya alama nne za bure? Na ukikosa wanakukata moja. Mwenzangu, wewe unahitaji maombi."

Sumbul akacheka, maana ni mtu asiye na kinyongo. Na tuseme kweli, kwa taratibu za pale Ketaki alikuwa na haki ya kumcheka. Kota mtu hakokotoi kila swali. Fizikia, kemia na hisabati, maswali sabini na tano kwa saa tatu: ukianza kulifikiria kila moja utakuta wenzako wameshafika nyumbani. Kwa hiyo unafundishwa kulitambua swali. Unaiona sura yake, kalamu inakwenda yenyewe. Swali la barafu walishalifanya mara sita, na Ketaki alilimaliza kwa sekunde nne. Hilo neno chumvi hata hakuliona.

Mlango ukagongwa. Mama Kaushalya, mwenye hosteli, aliingia na vikombe viwili vya chuma vya maji ya limau, vimejaa pomoni, vipande vikubwa vya barafu vikielea juu. Mama huyu alikuwa mkarimu kupita kiasi, na maji yake ya limau alikuwa akiyatia chumvi na sukari kama anayetengeneza achari ya mwaka mzima.

"Kunyweni, wanangu. Joto hili litawakausha ubongo, halafu wazazi wenu waje wanidai mimi."

Ketaki alikitua chake juu ya daftari la kemia kwa uangalifu, maana kilikuwa hakina nafasi hata ya tone, kisha akarudi kwenye kazi ya kumsuta mwenzake. Walipita swali la kumi na nane, la kumi na tisa, la ishirini. Alipogeuka kuchukua kikombe, barafu ilikuwa imekwisha na daftari lilikuwa limelowa. Wino wa ukurasa mzima wa asidi ulikuwa umetawanyika.

"Kikombe kimetoa jasho," Sumbul alisema.

"Kwenye ukame huu?" Ketaki alipitisha kidole ubavuni mwa kikombe, akakilamba. Akalamba tena. "Sumbul, jasho la kikombe lina ladha gani?"

"Maji tu. Halina ladha."

"Hili lina chumvi."

Wakatazamana. Kikombe hakikuwa kimeguswa, meza haikutikiswa, feni ilikuwa imezimwa. Barafu iliyeyuka na maji yakamwagika. Lakini Ketaki alishalifanya swali hili mara sita, na mara zote sita maji yalibaki palepale.

Mtu mwenye akili timamu angefuta daftari akaendelea na maisha yake. Ketaki alishuka jikoni mbiombio akamwomba Mama Kaushalya chupa mbili tupu za achari, pakiti ya chumvi na barafu yote ya kwenye friza. Mama hakuuliza. Wanafunzi wa uhandisi alishawazoea.

Chupa moja walitia maji ya kawaida. Ya pili walitia maji na chumvi, wakakoroga, wakaongeza chumvi, wakakoroga, mpaka ikaanza kutuama chini. Wakaweka barafu sawasawa pande zote mbili. Walipotafuta kitu cha kuwekea alama, Ketaki alikumbuka pakiti ya bindi, vile vidoti vya kubandika kwenye paji la uso, ambayo mama yake humfungia kila safari na yeye havai hata moja. Akabandika vidoti viwili vyekundu, kila kimoja pale pale maji yalipofikia. Kisha wakakaa sakafuni, mikono mashavuni, kuitazama barafu ikiyeyuka. Ketaki hakukumbuka mara ya mwisho alipokitazama kitu dakika ishirini nzima bila saa ya kumhesabia.

"Ona inavyoelea," alinong'ona. "Kwenye chumvi imekaa juu zaidi."

"Maji mazito yanaibeba," alisema Sumbul. "Kwa hiyo imezama kidogo."

"Imezama kidogo, imechukua nafasi ndogo. Halafu ikiyeyuka..." Ketaki hakumaliza, kwa kuwa kichwa kilishatangulia. Ikiyeyuka inakuwa maji, na maji yanataka nafasi yake yote.

Kwenye chupa ya maji ya kawaida kidoti kilibaki palepale, sawa na darasa la tisa. Kwenye chupa ya chumvi maji yalikipita kidoti kwa upana wa kidole.

Ketaki alipiga makofi. Aliruka kweli, akamshika Sumbul mabegani akamtikisa. "Yanapanda! Ni A! Ulipata, wewe mwehu, ulipata!"

Ndipo akasikia alichokisema. Kama jibu ni A, yeye aliyeweka C alikuwa amepewa alama nne zisizo zake, na ya tano ilikuwa ikimsubiri kukatwa. Wote walioweka C wangeshuka pamoja, hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni wale wachache walioweka A, au walioliacha wazi, ambao wangewapita wengine wote. Na wa kwanza kupitwa ni yule aliyening'inia mwisho kabisa wa arobaini.

Sumbul naye alikuwa ameshapiga hesabu. Akaichukua chupa akaimwaga taratibu kwenye beseni.

"Acha tu," alisema. "Umeshamwambia mama yako."

Hilo lilimuuma Ketaki kuliko kama angegombezwa. Alimchukia Sumbul kwa wema wake, akayachukia maji ya limau, akamchukia na Mama Kaushalya kwa kujaza kikombe. Fomu za kupinga majibu zilikuwa zinapokewa hadi saa kumi na moja jioni.

"Nenda wewe ukapinge," alisema. "Swali ni lako."

"Mimi wa sitini na mbili? Watasema natafuta alama."

Saa kumi na nusu Ketaki alikuwa mbele ya meza ya Mwalimu NK. Njia nzima alikuwa amejiambia kwamba anakwenda kuuliza tu.

NK alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuchoka, na rundo la fomu mbele yake. Aliipokea ya Ketaki bila kuinua macho. "La kumi na saba tena. Uliweka A?"

"Niliweka C, Mwalimu."

Mwalimu akalitazama jedwali la majibu, akaitazama fomu, ndipo akamtazama yeye. "C ndilo jibu letu. Sasa unapinga nini, binti? Unapinga alama zako mwenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Miaka kumi na tisa niko hapa," alisema NK, "sijawahi kuletewa kitu kama hiki. Wiki hii watoto watatu wamelipinga swali hilihili. Wote waliweka A. Nimewarudishia fomu bila kusoma, maana kila anayekuja hapa anataka kuongezewa." Akavaa miwani. Safari hii alisoma. Alisoma swali, akafika katikati, kalamu ikasimama.

"Chumvi," alisema polepole. "Hili neno nimeliongeza mwenyewe. Niliwatega. Nilicheka peke yangu nikasema, leo nawakamata hawa wanaojibu bila kusoma. Halafu jedwali la majibu nikanakili kutoka karatasi ya zamani." Alijipiga paji la uso. "Bila kusoma."

Ketaki hakujua kama anaruhusiwa kucheka, akabana midomo.

"Wewe ni wa ngapi?"

"Wa arobaini."

NK alivua miwani tena, na kwa muda hakuonekana mtu wa kuogopwa. "Ungenyamaza tu, hakuna ambaye angejua."

"Maji yalimwagika, Mwalimu," alisema Ketaki. Kisha lililokuwa likimwasha tangu njiani likamtoka. "Na kama barafu ina kokoto ndani, kwenye maji ya kawaida, inakuwaje?"

Mwalimu akagusa kwa kidole mahali Ketaki alipoeleza kwenye fomu jaribio lake la chupa. "Una chupa, una barafu," alisema. "Nenda kaangalie."

Jumatatu orodha mpya ilibandikwa. Sumbul Ansari alikuwa wa thelathini na nane. Ketaki Gondane alikuwa wa hamsini na tatu. Sumbul alimkumbatia mbele ya watu wote, akalia yeye kwa niaba ya wote wawili, kisha akapanda ngazi. Ketaki alirudi mkondo wa pili, kwenye kiti kilekile chenye mguu mfupi, na asubuhi nzima hakusikia neno la mwalimu. Iliuma, tena sana, na asingedanganya kwamba hakujuta.

Saa ya chakula alikaa ngazini akampigia mama yake simu. Alieleza yote harakaharaka kabla machozi hayajamtangulia: barafu, limau, vidoti vya bindi, wa hamsini na tatu.

"Peremende zote zile," mama alisema.

"Najua, Mama. Nisamehe."

"Hebu subiri." Simu ikakatika.

Ketaki alibaki ameishika. Alijua mama kakasirika, na hakumlaumu. Miezi kumi na moja hiyo kila simu kutoka nyumbani ilianza na swali moja tu: umepata ngapi? Baba aliuliza hivyo, mama mdogo aliuliza hivyo, hata muuza mboga wa kwao aliuliza hivyo. Sasa jibu lilikuwa baya na yeye ndiye aliyejipatia.

Nusu saa ikapita, kengele karibu kulia, simu ikaita.

"Ketu!" Mama alikuwa anahema, na nyuma yake zilisikika sauti za wanawake wengine, mmoja wao kama yule jirani wasiyesalimiana naye. "Yamepanda! Nimetia chumvi kopo zima, na maji yamepanda kweli, tumeona sote hapa jikoni!"

"Si nilikwambia."

"Lakini kwa nini?" mama aliuliza. "Hebu nieleze mwanangu, kwa nini?"

Kengele ililia, wenzake wakampita wakikimbilia darasani. Ketaki alisogea pembeni kuwapisha, akafuta uso kwa kiganja, akaanza kumweleza mama yake kuhusu maji mazito.