Mkono Uliochelewa

Nianze na ubaya wangu, ili mtu asije akanihurumia bure. Niliichezea simu ya rafiki yangu Hodo ili ashindwe. Nilitaka ashindwe jioni moja tu, kisha niirudishe ilivyokuwa, tucheke yaishe. Nilikaa siku ishirini na tatu bila kuirudisha.

Mimi ni Nekesa. Natengeneza simu Kakuma mjini, kwenye kibanda cha mabati kinachopika watu kuanzia saa nne asubuhi. Mama yangu ni karani wa ofisi ya maji kule Lodwar. Kwetu ni Bungoma, lakini vumbi lililonikuza ni la huku. Hodo amezaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, wazazi wake walitoka Somalia. Kazi yake ni kuchora hina, na mabibi harusi wa Kakuma hupanga siku ya harusi kwa kuuliza kwanza kama Hodo ana nafasi. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, ambaye hata mimi namwita Hooyo, kama Hodo anavyomwita. Hooyo aliacha kuchora miaka sita iliyopita, mikono ilipoanza kumtetemeka.

Gemu lile nilimwekea mimi. Wimbo unalia, vitone vinashuka kwenye njia nne, na wewe unagusa kila kitone kinapofika kwenye mstari wa chini. Ukigusa sawasawa kinawaka kijani. Ukiwahi kinawaka manjano, ukichelewa kinawaka nyekundu. Tulicheza kila jioni kibandani, kila mtu na simu yake na spika zake za masikioni, wimbo mmoja, tukihesabu tatu tuanze pamoja. Mimi nilicheza kwa macho. Hodo alicheza kwa sikio, macho nusu yamefumba, vidole vikishuka taratibu kana kwamba bado ameshika koni ya hina. Katika miezi minane sikumshinda hata mara moja.

Siku moja kibanda kilikuwa kimejaa watu wanaosubiri simu zao zichajiwe. Tukacheza, nikashindwa, na Hodo akasema kwa sauti iliyosikiwa na watu wote, "Nekesa, mbona unagonga simu kama unaua mbu? Simu imekukosea nini?"

Watu walicheka. Atem, mteja wangu wa kila siku, alicheka mpaka akashika kaunta, na wiki nzima akanisalimia, "Ejok, Muua Mbu." Hodo hakuwa na ubaya wowote, alikuwa ananitania kama ninavyomtania mimi. Lakini nina hasira za karibu, na zikija hazina haraka ya kwenda.

Ndani ya gemu, kwenye mipangilio, kuna namba ndogo ambayo watu wengi hawaijui. Inaoanisha sauti na vitone, kwa sababu spika nyingine huchelewesha sauti. Ya Hodo ilikuwa sifuri. Aliponiachia simu nimbadilishie kioo, niliipeleka sitini, sauti ikawa inafika nyuma kidogo ya vitone. Ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Macho hayawezi kuuona. Lakini anayecheza kwa sikio atachelewa kila kitone, na hatajua kwa nini.

Jioni ile nilimshinda. Alama zake zilikuwa nyekundu tupu. Akaangalia skrini, akafuta vidole kwenye buibui yake, akasema tucheze tena. Nikamshinda tena. Sitasema uongo, nilifurahi sana. Siku ya tatu akaniambia labda amechoka.

"Labda umezeeka," nikamjibu, na watu wakacheka, safari hii upande wangu.

Nilijiambia nitarudisha kesho. Kesho ikawa wiki. Kisha Hodo akaacha kuja, akisema anajiandaa kivyake kwa mashindano. Kijana mmoja aitwaye Ochola alikuwa ameandaa mashindano ya gemu hizo Lodwar, kwenye ukumbi wa vijana, na sisi wawili tulikuwa tumejiandikisha mapema. Mimi ningepanda gari tu niende. Hodo alipanga foleni asubuhi mbili kupata kibali cha kutoka kambini.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mashindano, nilimpelekea Hooyo redio yake niliyokuwa nimeitengeneza. Hodo hakuwepo. Hooyo alinikaribisha chai, akanimiminia kwa mikono miwili, nusu ikaingia kikombeni na nusu kwenye mkeka, na wote wawili tukajifanya hatukuona.

"Nekesa, wewe ni dada yake," akasema. "Hodo amekataa kuchora mkono ya bibi harusi. Ile binti ya Abdisamad, mwenye malori. Harusi ni wiki ijayo, kuchora ni Jumapili. Amesema hawezi."

"Kwa nini hawezi?"

"Anasema mkono yake inachelewa." Hooyo aliweka birika chini polepole. "Na mimi ilianza hivyo hivyo. Nilikuwa naambia mkono nenda, yenyewe inakuja nyuma kidogo. Kidogo tu. Watu hawakuona, mimi niliona. Halafu baadaye ikaanza kuenda mbele, kabla sijaiambia. Hapo ndio nilijua imekwisha."

Nilimuuliza kama daktari alisema ugonjwa huo unarithiwa.

"Alisema inaweza kufuata damu, inaweza isifuate. Usiku naweka mkono kwa kichwa yake namsomea dua. Huko Lodwar muangalie, abaayo. Uniambie ukweli, kwa sababu yeye ananificha." Abaayo, yaani dada, ndivyo walivyoniita mama na binti.

Pale pale nilipaswa kusema. Hooyo alikuwa mbele yangu, redio inalia, mlango wazi, hakuna aliyenikataza. Nikasema, "Nitamuangalia, Hooyo," nikamaliza chai na kuondoka. Njiani nikapata ujanja ambao niliuona ni wa busara sana: nitairudisha namba kimya kimya, Hodo atacheza vizuri Lodwar, atajua mkono wake ni mzima, na mimi nitabaki na rafiki yangu. Nani atakuwa ameumia?

Ijumaa tulilala kwa mama yangu Lodwar. Jumamosi asubuhi Hodo alipoingia kuoga, simu yake ilikuwa kwenye chaji karibu na kitanda. Nambari ya siri naijua, niliiweka mimi. Nikafungua mipangilio, nikatoa sitini, nikaandika sifuri. Moyo ukatulia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Nikampikia mayai.

Ukumbi ulijaa, hata Atem na wenzake wa Kakuma walikuwa wamekuja na gari kushangilia. Ochola aliweka meza mbele, waya mmoja kutoka kwenye spika kubwa, na kila mchezaji alichomeka simu yake mwenyewe. Nilicheza mapema, nikafanya makosa mengi, na wala sikujali. Nilikuwa namsubiri yeye.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi, zamu yake inakuja, aliponiinamia sikioni.

"Sikukuambia," akanong'ona. "Mkono yangu ilikuwa mbaya, wallahi, nilidhani ni ile ya Hooyo. Lakini nimefanya mazoezi kila alfajiri baada ya swala. Nilijifunza kushusha kidole mapema kidogo, kabla sikio haijasema. Juzi, jana, zote kijani. Leo nikipiga kijani mbele ya watu, basi niko mzima. Yule bibi harusi nimemuomba asitafute mtu mwingine mpaka leo; kesho nitamchora."

Nilielewa yote kwa mkupuo mmoja. Siku ishirini na tatu alikuwa amejikunja kufuata upotovu wangu mpaka ukanyooka, na asubuhi ile, wakati anaoga, mimi nilikuwa nimeuondoa.

Ochola akaita, "Hodo, kutoka Kakuma."

Kutoka benchi letu mpaka ile meza ni hatua kumi na tano. Nilikuwa na muda wa kusema ngoja. Neno moja tu lingetosha, angenipa simu, ningebadilisha. Lakini ningelazimika kueleza, mbele ya watu wote wale, na mdomo wangu ukabaki umefungwa. Nikamwangalia akienda. Hicho ndicho ninachoshindwa kujisamehe zaidi, kuliko hata ile sitini.

Wimbo ukaanza. Kitone cha kwanza kikawaka manjano. Cha pili manjano. Skrini ya simu ilikuwa inaonekana ukutani, kwa hiyo kila mtu aliona. Alifumba macho yote mawili, akajaribu kupunguza, akaharibu zaidi, akarudi kwenye mazoea yake ya alfajiri, na manjano zikamiminika mpaka mwisho. Watu walipiga makofi ya kumpa moyo. Yeye alichomoa waya, akamshukuru Ochola kwa adabu, akatoka nje.

Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta, viganja vimelala mapajani, anaviangalia.

"Sasa inaenda mbele," akasema. "Umeona? Kwanza ilichelewa, sasa inaenda mbele, kabla sijaiambia. Ni vile vile Hooyo alisema."

"Hodo, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu kioo, namba, mbu, Atem, chai ya Hooyo, mayai ya asubuhi, bila mpangilio, nikirudia rudia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika bega na kutabasamu, na lile tabasamu lilinitia hofu.

"Abaayo, asante," akasema. "Unataka nisilie. Lakini usijibebeshe kitu ya Mungu."

"Sikudanganyi. Fungua simu uangalie."

Akanipa. Nikafungua mipangilio, nikamwonyesha, na hapo nikaona nilichokuwa nimejifanyia. Iliandikwa sifuri. Ushahidi wote wa uovu wangu nilikuwa nimeufuta kwa mkono wangu mwenyewe asubuhi, nikajiona mwema.

"Sifuri," akasoma kwa upole. "Umeona? Hakuna kitu. Twende, nimpigie bibi harusi nimwambie atafute mtu mwingine."

Ningeweza kuacha hapo. Naliandika hili kwa sababu kwa sekunde chache nililifikiria. Angeniona rafiki mwema aliyejaribu hata kujisingizia ili kumfariji. Tungerudi Kakuma tumeshikana mikono, angeacha hina, na mimi ningekaa kando yake miaka yote nikimpa pole. Kubaki na rafiki na kumrudishia mikono yake havikuwezekana vyote viwili.

Nikabonyeza namba mpaka ikasoma sitini. Nikamwambia, "Cheza wimbo ule ule. Mara moja tu. Ukikosa, sitasema neno tena."

"Sitaki."

"Hodo, nakuomba. Nimekukosea, nakuomba."

Sijui ni nini alichoona usoni mwangu. Akavaa spika za masikioni, akaweka simu mapajani, akafumba macho nusu. Mimi sikusikia wimbo. Niliona skrini tu. Kijani. Kijani. Vidole vilishuka taratibu, kila kimoja mahali pake, na hakuna manjano hata moja, hakuna nyekundu, mpaka wimbo ukaisha na alama zikajaa. Hajawahi kucheza vizuri vile.

Alitoa spika masikioni. Aliinua mkono wa kulia mbele ya uso wake, akautazama mbele na nyuma, akaushusha.

"Ilikuwa sitini?"

"Sitini."

"Siku ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Na Hooyo alikuambia Alhamisi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akapiga simu pale pale, kwa Kisomali. Kisomali changu ni cha kuungaunga, lakini nilielewa kwamba anazungumza na binti wa Abdisamad, na kwamba kesho atafika saa nane, na awe amenawa mikono bila mafuta. Alipokata simu, machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Nilisogea nikitaka kumshika. Akasimama, akakung'uta buibui.

"Nitarudi na gari ya Atem na wale wengine," akasema. "Wewe baki na mama yako."

"Nitakuja Jumatatu kwa Hooyo, nimwambie mwenyewe. Nimpigie magoti."

"Usikuje." Hakupaza sauti. "Hooyo akikuona atafurahi. Atakuwekea chai. Na mimi sitaweza kukaa hapo nikimuangalia akifurahi."