Tangawizi Juu ya Mabati

Mtaani kwetu Kamwokya, mtu akitaka kujua kama mvua itanyesha, haangalii simu. Simu itamwambia asilimia arobaini. Sasa mtu afue asilimia arobaini ya shuka? Watu huinua macho kwenye mabati ya Bi Sabah. Huyu ni muuza viungo, mjukuu wa wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani zamani wakasahau kurudi, na juu ya paa la stoo yake huanika tangawizi iliyokatwa vipande. Tangawizi ikiwa nje, anika nguo zako, nenda zako. Ikiingizwa, hata kama jua linawaka mpaka mbwa wanahema, kimbilia kamba. Pua ya Bi Sabah huinusa mvua ikiwa bado iko ziwani.

Jumamosi ile, kesho yake ikiwa siku ya mashindano ya magari, pua ilimwambia kweli kama kawaida: mvua inakuja. Alipanda ngazi na ungo wake, harufu ya udongo mbichi ikampokea huko juu. Kumbikumbi walikuwa wameanza kuruka. Kilima cha Naguru kilikuwa kimejifunga ukungu kiunoni, na nyumba za polisi kule juu zilielea kama zimefunguliwa kamba. Alizitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeota macho wazi. Kisha akaimwaga tangawizi yote juu ya mabati, akaitandaza kwa viganja viwili.

Msimcheke. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Iman, na kesho Iman angeshika usukani wa gari kuukuu la marehemu baba yake, kwenye njia za mashamba ya miwa upande wa Lugazi. Baba mwenyewe, Latif, aliondoka asubuhi moja kama hiyo kwenda kushindana. Mvua ikamkuta kwenye kona, gari likaserereka mpaka kwenye kinamasi, naye hakutoka. Tangu hapo Bi Sabah na mvua hawaamkiani. Alfajiri ile alikuwa ameomba dua anayoijua kila mtoto wa madrasa: Ewe Mola, mvua iwe kandokando yetu, isiwe juu yetu. Sasa ukishaomba jua, halafu ukaificha tangawizi, hiyo ni dua gani? Aliona haya mbele ya Mungu. Akaanika.

Chini uani alikuwapo Afande Komakech, mstaafu wa polisi, fundi wa magari aliyemtengenezea Latif na sasa anamtengenezea binti yake. Mbele yake kulikuwa na seti mbili za matairi. Moja ilikuwa ya jua, magumu, yenye meno mafupi. Nyingine ilikuwa ya matope, na hiyo aliichonga mwenyewe kwa kisu cha moto, mfereji baada ya mfereji. Pikapu yake, pamoja na jeki na vipuri na madumu ya mafuta, ilikuwa na nafasi ya seti moja. Akainua macho.

"Eh, Mama Iman! Tangawizi iko nje. Kesho ni jua?"

"Si unaona mwenyewe, Afande."

"Mimi naona mawingu. Lakini mawingu si tangawizi." Akacheka, akapakia matairi ya jua. Yale ya matope yalibaki stoo, yameegemea gunia la karafuu.

Iman alitoka chini ya gari, mikono imejaa grisi. Alipoiona tangawizi alinywea kidogo.

"Lo, jua tena. Kwenye njia kavu magari mapya yatatuacha tukila vumbi, Mama. Gari letu hili linapona kwenye matope tu." Kisha akasema kwa upole, "Njoo kesho. Hujawahi kuja hata mara moja."

"Na duka nimwachie nani?"

"Duka, duka! Duka lina miguu, litatoroka?"

Bi Sabah alijifanya anatafuta ungo.

Jumapili, baada ya swala ya alfajiri, usingizi ulimpitia palepale kwenye mswala. Akamwona Latif. Gari lilikuwa likipita juu ya mabati, polepole, bila sauti hata chembe, na vipande vya tangawizi havikusogea. Latif akateremsha kioo, akatoa kiwiko nje kama desturi yake, akamuuliza, "Umenipakilia matairi yapi?" Bi Sabah akafungua mdomo, sauti haikutoka. Alipozinduka, jua lilikuwa limeshaingia dirishani.

Jua hasa! Alitoka nje, na mtaa mzima ulikuwa umeanika shuka na sare za shule. Alhamdulillahi, moyo ulimrukaruka kama wa msichana. Akapanda ngazi kuigeuza tangawizi, na huko juu ndipo alipotazama mashariki. Kuanzia Mukono kwenda mbele mpaka Lugazi mbingu ilikuwa nyeusi tii, imeinama mpaka chini. Mungu alikuwa amempa alichoomba: mvua iliondolewa juu ya paa lake, ikawekwa kandokando, juu ya mwanawe.

Akampigia Afande simu. Kelele za mvua zilitangulia sauti yake.

"Mama Iman, huku mvua anapiga vibaya! Mtoto amemaliza mzunguko wa kwanza, ameponea chupuchupu. Bampa tumeacha ndani ya miwa."

"Mwambie aache! Mwambie mimi mama yake nimesema aache."

"Hataki. Wewe si unamjua?" Afande akapaza sauti juu ya mvua. "Mama, hata Latif siku ile tulimvalisha matairi ya jua. Asubuhi ilikuwa nzuri, tukaiamini. Kila mwaka nakwambia mvua si yeye aliua Latif. Wewe unafikiri mimi nakubembeleza tu."

Ndivyo alivyofikiri, miaka yote hiyo. Sasa maneno yalimwingia. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini yeye lake alikuwa amemwachia mtoto ale peke yake.

"Mzunguko wa pili lini?"

"Baada ya mapumziko. Njoo na yale ya matope, mama. Njoo upesi."

Alimkuta Bonny, jirani mwenye lori dogo, ndiyo kwanza anataka kupeleka kabichi sokoni Kalerwe. "Banange, Bi Sabah! Lugazi, na kabichi zangu?" Kabichi zilikwenda Lugazi. Matairi manne yalitupwa juu yake, na Bi Sabah akakaa mbele na buibui lake, akamwita Habibah wa mlango wa pili: "Ingiza tangawizi yangu!"

"Kwa jua hili?"

"Ingiza, nimesema!"

Lori lilipokata kona, mtaa mzima ulikuwa ukikimbilia kamba.

Kupita Mukono waliingia mvuani kama watu wanaoingia ziwani na nguo zao. Dunia ikawa ya kijivu, taa za magari zikapita kama samaki, miwa ikalala huku na huku. Midomo ya Bi Sabah ilikuwa ikicheza, akiomba.

Walifika Afande akiwa ameshainua gari kwa jeki. Hakusalimia mtu, alinyakua matairi. Iman, helmeti kwapani, alikodoa macho.

"Mama! Na duka?"

"Lina miguu." Kisha, kabla ujasiri haujamwishia, akasema: "Niliinusa mvua jana, Iman. Nilijua. Nikaanika hivyohivyo, kwa kuogopa. Nakupenda kwa woga, mwanangu, na woga wangu ungekuua."

Iman alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya Latif, ile ya kukaza taya. Akaivaa helmeti.

"Hilo tutagombana nyumbani. Sasa hivi niombee."

"Niombe ikatike?"

"Iongezeke!"

Gari likaingia kwenye miwa, mvua ikaimeza sauti yake. Bi Sabah akasimama na Afande nyuma ya kamba, kwenye kona, maji yakimtiririka mpaka viatuni. Akasema maneno ambayo hakuwa ameyasema tangu Latif aondoke: Ewe Mola, ijaalie iwe mvua yenye manufaa. Ikaongezeka. Kisha mngurumo ukarudi, na gari likatokea ubavuubavu, likaserereka kuelekea kwenye mtaro, likaserereka tena. Meno ya matairi yakauma udongo, gari likanyooka, likapita. Tope likampiga usoni.

"Yameshika," Afande alisema.

Bi Sabah hakujifuta. Alikuwa akiitazama njia tupu.

"Ya matope," alimjibu Latif, na safari hii sauti ilitoka. "Nimempakilia ya matope."